Ile picha ya daraja lisilo na mto

Nianze kwa kukiri kosa. Kuna wakati niliweka vidio ya dakika moja kuhusu daraja fulani la huko Honduras. Kama uko kwenye kundi lolote la WhatsApp, liwe la familia, la chama au la kanisa, hiyo picha umeshaiona. Daraja refu la zege, zuri, limesimama peke yake juu ya mchanga, na mto uko kando unapita zake kama watu wawili waliokosana. Chini ya picha huwa kuna maneno ya kutia moyo: daraja lilijengwa imara, kimbunga kikaja, daraja halikuanguka, lakini mto ukahama. Funzo ati ni kwamba usijijenge kudumu tu, jijenge kubadilika. Wale wa semina za biashara wanaipenda sana.

Mimi pia niliipenda. Nikaiwekea muziki wa polepole, nikakaza sauti, nikamalizia kwa swali: "Jiulize, mto wako umehamia wapi?" Hiyo vidio ilipita zote nilizowahi kutengeneza. Nikamwonyesha mama nikitarajia sifa. Akaitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu, akaniuliza, "Na wenye walikuwa wanakaa huko mto ulihamia, walienda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesimulia mto na daraja, na sikuwa nimemtaja binadamu hata mmoja. Basi nikaanza kusoma, na nilichokuta ndicho hiki. Ni kirefu kuliko dakika moja, kwa hivyo vuta kiti.

Kimbunga chenyewe kiliitwa Mitch, mwaka ni 1998. Lakini kabla ya kufika huko, hebu tuanze na kitu ambacho wazazi wetu wanakijua. Muulize Mkenya yeyote mwenye umri kidogo kuhusu El Niño, atakuambia ya 97. Mvua zilianza Oktoba 1997 zikaendelea mpaka mwanzoni mwa 1998, barabara ya Nairobi kwenda Mombasa ikakatika, madaraja yakabebwa. Nyuma ya mvua zile kulikuwa na joto lisilo la kawaida katika maji ya bahari, hasa Pasifiki. Ilipofika katikati ya 1998 mambo yakageuka. Pasifiki ikapoa, El Niño ikaondoka, La Niña ikaingia. Kwetu La Niña ile ilileta ukame, na ndiyo maana wazazi wetu wanakumbuka pia mgao wa stima wa 2000. Kule Atlantiki ilileta kitu kingine kabisa. La Niña hupunguza zile pepo za juu ambazo kwa kawaida huvuruga vimbunga kabla havijakomaa. Yaani mlango uliofungwa 1997 ulifunguliwa 1998. Bahari ni moja, sisi tulipigwa na upande mmoja wa bembea, wenzetu wakapigwa na ule mwingine.

Sasa Mitch. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni na kuisha Novemba, na kilele chake ni Septemba. Ikifika mwisho wa Oktoba, watu wengi wa kule huanza kupumua. Shida ni kwamba Karibi ya magharibi, ule upande ulio karibu na Amerika ya Kati, maji yake hubaki na joto hadi mwisho wa mwaka, na zile pepo za kusukuma vimbunga mbele mara nyingi huwa zimelegea wakati huo. Kimbunga cha mwisho wa msimu kinaweza kupata nguvu nyingi na kikakosa mahali pa kwenda.

Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 22 Oktoba 1998 mfumo mdogo wa mawingu ulijikusanya kusini mwa Jamaika. Siku mbili baadaye ukawa kimbunga kamili. Tarehe 26 Oktoba ukafika daraja la 5, ambalo ndilo la juu kabisa, ukiwa na upepo wa karibu kilomita 290 kwa saa. Kwa wakati huo hakukuwa na kumbukumbu ya kimbunga cha Atlantiki cha mwezi wa Oktoba kilichowahi kuwa na nguvu kiasi hicho.

Watabiri wa hali ya hewa waliona kwamba kitageuka kaskazini magharibi, kuelekea Belize na rasi ya Yucatán huko Meksiko. Ilikuwa hesabu ya busara, vimbunga vingi hufanya hivyo. Watu wa Belize wakaanza kuhamishwa kutoka pwani. Kulikuwa na meli ya kitalii ya matanga, inaitwa Fantome, yenye milingoti minne. Iliwashusha abiria wake Belize, kisha ikarudi baharini na mabaharia 31 kutafuta mahali pa kujificha nyuma ya visiwa vya Honduras, mbali na njia iliyotabiriwa. Mitch hakikugeuka kaskazini. Kilipunguza mwendo, kikaanza kushuka kusini, kikaelekea pale pale meli ilipokimbilia. Mawasiliano ya mwisho na Fantome yalikuwa tarehe 27 Oktoba. Mabaharia wote 31 walipotea.

Kisha kimbunga kikakaa. Kisiwa cha Guanaja, kilicho mbele ya pwani ya Honduras, kilipigwa siku nzima na zaidi, mpaka misitu ya mikoko ikafa. Na wakati huo wote, upepo wa Mitch ulikuwa unapungua. Tarehe 29 Oktoba kilipoingia nchi kavu, mashariki mwa mji wa La Ceiba, nguvu ya upepo ilikuwa imeshuka karibu nusu ya ile ya kilele. Kesho yake hakikuwa tena kimbunga kwa hesabu za watabiri. Kilikuwa dhoruba inayojikokota juu ya milima.

Hapa ndipo nilipoacha kusoma nikarudi nyuma kusoma tena, nikidhani nimekosea tarehe. Kwa sababu vifo vingi vilitokea wakati huo, kimbunga kikiwa kinaonekana kinakufa.

Ukitaka kuelewa, angalia ramani. Honduras ina pwani ndefu ya kaskazini kwenye Karibi, halafu upande wa kusini ina kipande kidogo kinachogusa Pasifiki, kwenye Ghuba ya Fonseca. Katikati ni milima. Mitch kilikuja kutoka kaskazini, lakini mzunguko wake ulikuwa mpana kiasi cha kuvuta unyevu kutoka bahari zote mbili, na kila unyevu ulipogonga milima ukageuka mvua. Na kwa kuwa dhoruba haikuwa na haraka, mvua haikuhama. Mji wa Choluteca, ulio kusini karibu na Pasifiki, ulipima zaidi ya milimita 900 kwa siku chache. Nairobi hupata karibu kiasi hicho kwa mwaka mzima. Wewe fikiria mvua zote za mwaka, za masika na za vuli, zinamwagwa kati ya Jumatatu na Jumamosi.

Kuna mto unaoitwa Choluteca. Unatoka milimani, unapita katikati ya mji mkuu, Tegucigalpa, kisha unazunguka kwenda kusini hadi mji unaobeba jina lake, na kuingia Pasifiki. Tegucigalpa ni mji wa vilima, na kama miji yetu mingi, wenye uwezo wamekaa mahali pazuri na wasio na uwezo wamekaa palipobaki: kingo za mto na miteremko. Mvua ilipozidi, kilima cha El Berrinche kilimeguka, kikashuka na sehemu ya mtaa wa Colonia Soto, kikaziba mto. Maji yakarudi nyuma yakajaza katikati ya mji, sokoni, madukani, ofisini. Meya wa Tegucigalpa, César Castellanos, alipanda helikopta tarehe 1 Novemba kukagua hasara. Helikopta ikaanguka, akafa pamoja na aliokuwa nao. Mji ukabaki na mafuriko bila meya.

Maji yale yale yakaendelea na safari mpaka Choluteca, kwenye lile daraja la picha. Daraja lilikuwa jipya kabisa. Lilijengwa na kampuni ya Kijapani kati ya 1996 na 1998, lina urefu wa karibu mita 484, na linaitwa Daraja la Jua Linalochomoza. Wahandisi walifanya kazi yao vizuri, hilo hakuna anayebisha. Daraja lilisimama. Lakini barabara za kuingilia pande zote mbili zilifagiliwa, na mto ukajichimbia njia nyingine pembeni. Ilichukua mpaka 2003 ndipo daraja likaunganishwa tena na barabara. Nchini kote madaraja mengine kwa makumi yaliharibika au kubebwa kabisa, na hayo hakuna anayeyapigia picha kwa sababu hayapo.

Na jibu la swali la mama? Walioishi kwenye kingo za mto Choluteca walikuwa maskini wa mjini na wakulima wadogo. Nyumba nyingi zilichukuliwa na mto uliokuwa ukitafuta njia. Walionusurika walilala shuleni, makanisani, na baadaye kwenye makazi ya muda ambayo muda wake ulirefuka. Honduras ilikuwa na watu kama milioni 6 wakati huo. Inakadiriwa hadi milioni 1.5 walibaki bila makao. Waliokufa Honduras peke yake ni zaidi ya 5,000, na maelfu wengine hawakuonekana tena. Ukijumlisha nchi zote za Amerika ya Kati, makadirio yanayotajwa sana yanazidi 11,000. Katika historia ya vimbunga vya Atlantiki, ni kile cha 1780 tu, kilichopiga visiwa vya Karibi, kinachojulikana kuua wengi zaidi.

Lakini tukio lililoninyima usingizi liko ng'ambo ya mpaka, Nicaragua. Jicho la Mitch halikufika huko hata siku moja. Mvua ndiyo iliyofika. Kaskazini magharibi mwa Nicaragua kuna volkano inayoitwa Casita. Ilikuwa imelala, haitoi moto. Chini yake, katika eneo la Posoltega, kulikuwa na vijiji viwili vya wakulima, El Porvenir na Rolando Rodríguez. El Porvenir maana yake ni "siku zijazo". Tarehe 30 Oktoba, kabla ya saa sita mchana, kipande cha mlima karibu na kilele kilimeguka. Kilianza kama mawe na udongo, kikachanganyika na maji, kikachimba kila kilichokuta njiani, kikawa ukuta wa tope. Waliosikia walidhani ni helikopta zinakuja. Vijiji vyote viwili vikafunikwa. Zaidi ya watu 2,000 walikufa kwa muda mfupi kuliko ule wa kuchemsha chai. Wanajiolojia waliofika baadaye walikuta udongo wa chini ukionyesha kwamba tope la aina hiyo lilikuwa limewahi kupita hapo zamani, kabla ya vijiji hivyo kuwepo. Hakuna aliyewaambia wale watu wamejenga kwenye njia.

Meya wa Posoltega alikuwa mama mmoja, Felícita Zeledón. Ndiye aliyepaza sauti kuiambia nchi kwamba watu zaidi ya elfu moja wamefunikwa na kwamba anahitaji msaada sasa hivi. Serikali ya Rais Arnoldo Alemán ilimpuuza kama mtu anayetia chumvi. Alikuwa wa chama cha upinzani, alikuwa mwanamke wa mji mdogo, na idadi aliyoitaja ilionekana haiwezekani. Kumbe ukweli ulikuwa mbaya kuliko alivyosema. Kwenye tope la aina ile watu hawafi wote mara moja. Wako wanaonaswa hadi kiunoni, wako wanaosikika. Saa zinazopita mkubwa akiamua kama atamwamini mdogo ni saa za watu hao.

Sasa nikuulize: ukifuatilia habari za kimbunga, unaangalia nini? Mimi nilikuwa naangalia daraja. La 5, ogopa. La 1, tulia. Hiyo namba inapima upepo. Haisemi lolote kuhusu mvua, wala kuhusu kilima kilicho nyuma ya nyumba yako. Mitch kilipokuwa namba 5 kilikuwa baharini, kikaua mabaharia na kuvunja visiwa. Kiliposhuka hadi kukosa namba, ndipo kikaua maelfu. Mtu aliyekuwa anasikiliza redio kule Posoltega angesikia habari njema, kwamba upepo unapungua.

Kuna swali la pili ambalo ile picha ya daraja hailigusi. Kwa nini milima ilikuwa tayari kuanguka? Mvua kubwa ni sababu, lakini mvua ile ile ilinyesha kwenye mashamba tofauti na haikufanya kitu kile kile. Kwa miongo mingi ardhi nzuri ya mabonde kule Honduras ilikuwa ya ndizi za kuuza nje, na kusini ikawa ya pamba na ng'ombe. Mkulima mdogo alisukumwa kupanda mlima. Alikata miti kupata kuni na mahali pa mahindi na maharagwe, kwa sababu watoto lazima wale. Ni rahisi kumlaumu yeye na panga lake. Ila hakuchagua mteremko akiwa na bonde la kuchagua.

Baada ya Mitch, mtafiti Eric Holt-Giménez alifanya kazi na vuguvugu la wakulima linaloitwa Campesino a Campesino, maana yake mkulima kwa mkulima. Wakulima wenyewe walipima mashamba yaliyopakana, moja la mtu anayetunza udongo kwa matuta, miti na mimea ya kufunika ardhi, na jingine la jirani anayelima kwa njia ya kawaida. Walipima mashamba 1,804 katika Honduras, Nicaragua na Guatemala. Kwa jumla, yale yaliyotunzwa yalibaki na udongo mwingi zaidi wa juu, unyevu mwingi zaidi na hasara ndogo. Ukitoka Machakos hilo halikushangazi, matuta ya fanya juu umeyaona tangu utotoni. Lakini pia waligundua kwamba tuta lako halikusaidii sana kama mlima ulio juu yako, ambao si wako, umeachwa uchi. Mtu mmoja mmoja anaweza kujitahidi mpaka mahali fulani tu. Hapo ndipo lile funzo la "jijenge kubadilika" linapoishiwa na pumzi.

Hasara ya mali ilikadiriwa kwa mabilioni ya dola. Rais wa Honduras, Carlos Flores, alisema kimbunga kimefuta maendeleo ya miaka 50. Karibu asilimia 70 ya mazao ya nchi yaliharibika. Mashamba ya ndizi yalizama na maelfu ya vibarua wakaambiwa wakae nyumbani. Na kumbuka nchi hizi mbili, Honduras na Nicaragua, zilikuwa na madeni makubwa ya nje. Yaani mtu nyumba yake imebebwa na bado anadaiwa kodi ya mwezi. Kelele za makanisa na wanaharakati duniani zikasaidia kusukuma mpango wa kupunguzia nchi maskini madeni, na miaka ya 2000 nchi zote mbili zikapata nafuu kubwa. Kuba, ambayo yenyewe haina kitu, ilituma madaktari, kisha mwaka 1999 ikafungua chuo cha udaktari mjini Havana kwa ajili ya vijana maskini wa nchi nyingine, ili siku nyingine madaktari wawe wa hapo hapo. Baadaye chuo hicho kilipokea hata vijana wa Afrika.

Wengine walitembea. Marekani iliwapa Wahonduras na Wanikaragua waliokuwa tayari nchini humo ruhusa ya muda ya kukaa na kufanya kazi, kuanzia Januari 1999. Iliongezwa tena na tena, miaka ikapita, watu wakazaa, wakajenga, wakazeeka na kibali cha muda mfukoni. Julai 2025 serikali ya Marekani ikatangaza kukifuta, na mambo yakaenda mahakamani. Mtu aliyekimbilia kazi akiwa na miaka 20 sasa anakaribia 50, na maisha yake bado yanaamuliwa na mvua ya 1998. Hiyo ndiyo sehemu ya pili ya jibu la mama. Walienda wapi? Wengine bado wanaambiwa warudi.

Na je, somo lilishikwa? Kiasi. Novemba 2020, tena mwisho wa msimu, tena mwaka wa La Niña, vimbunga viwili vikubwa, Eta na Iota, vilipiga pwani ya Nicaragua vikipishana kwa wiki mbili tu, karibu sehemu ile ile. Bonde la Sula huko Honduras likajaa maji mpaka uwanja wa ndege wa San Pedro Sula ukazama. Waliokufa walikuwa wachache mno ukilinganisha na Mitch, na sehemu ya sababu ni kwamba watu wengi walihamishwa mapema. Lakini nyumba zilizama zile zile, za watu wale wale, na mwaka uliofuata wengi wakashika njia ya kaskazini.

Najua kuna atakayesema, "Sisi huku hatuna vimbunga, mambo ya Honduras ya nini?" Ndugu yangu, Mitch hakikuwa upepo kilipowaua wale watu. Kilikuwa mvua nyingi, mlima ulioachwa uchi, mto ulioziba, na watu waliojenga palipobaki. Hivyo vitu vinne huku tunavyo. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, kule Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuiliwa kwenye karavati lililoziba chini ya reli yalipasuka yakashuka na mawe na miti, yakaua makumi ya watu wakiwa usingizini. Siku hizo hizo watu wa Mathare walikuwa wanatolewa kando ya mto, wengine na maji, wengine na tingatinga. Wiki hiyo hiyo sisi wa mitandaoni tulikuwa tunafuatilia saikloni Hidaya iliyokuwa ikikaribia pwani ya Tanzania, tukihesabu kilomita za upepo. Ilipofika Mafia ilikuwa imepungua nguvu, tukaandika "tumeponea". Nami niliandika hivyo. Watu wa Mai Mahiu walikuwa bado wanachimba tope.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Tahadhari inayotaja upepo peke yake ni nusu ya tahadhari. Mwambie mtu mvua ni kiasi gani, kilima kipi, karavati lipi, na umwambie atalala wapi akitoka, maana mtu hatoki nyumbani kwake kwenda hewani. Na chifu, mzee wa mtaa au mama wa duka akipiga simu kusema mto umebadilika rangi au mlima unalia, aaminiwe kwanza, maswali yafuate. Tukikuta alikosea, tumepoteza mafuta ya gari. Posoltega walipoteza zaidi.

Ile vidio yangu sijaifuta. Nimeiacha, nikaweka hii chini yake, ili anayekuja kwa ajili ya daraja akutane na El Porvenir, na Rolando Rodríguez, na mabaharia 31. Picha ikikujia tena kwenye kundi, na itakuja tu, unaweza kuituma mbele. Ila iambatanishe na lile swali la mama.